Mkaguzi Mkuu wa Kola

Nchi ninayotaka kuwasimulia ipo, ila wenyewe hawapendi itajwe, maana jina likishatajwa huvuta swali, na swali kule huombewa kibali. Tuiache hivyohivyo. Ina mvua, ina mihogo, ina bendera, na ina Mlezi wa Taifa mmoja ambaye ameshinda kila uchaguzi, hata ule aliosahau kugombea. Mimi ni raia wake mwaminifu. Naitwa Mwinshehe Kibwana, na kabla sijawa mtu mkubwa nilikuwa mwandishi wa ukurasa wa kumi na nne wa gazeti la serikali.

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa wa mavazi ya wanaume. Kila Jumamosi nilichagua nguo nne nikazieleza: moja ya fahari, kwa wenye uwezo, moja ya ofisini, moja ya mtaani, kwa vijana, na moja ya kushindia, yaani ile fulana au shati ambalo mtu huvaa bila kuwaza. Sikuwa na ubaya na mtu. Nimependa nguo tangu utoto. Naweza kukuambia kama mshono wa bega umelala vizuri kabla sijakuambia jina la mwenye bega, na sasa nikifikiri, huenda ndiko matatizo yalikoanzia.

Jumamosi moja ukurasa ulipungua mistari miwili. Mchapaji alikuwa anangoja, nami sikuwa na la kusema tena juu ya soksi. Nikaandika: "Mhudumie mtu kwa kadiri ya kola yake, nawe hutakosea kamwe." Nilikuwa nawatania wahudumu wa hoteli za mjini, ambao humkimbilia mwenye tai na kumsahau mwenye njaa. Ulikuwa utani. Nimewaapia watu wengi kwamba ulikuwa utani.

Mlezi wa Taifa aliusoma akiwa ananyolewa ndevu. Wanasema hakucheka. Laiti angecheka.

*

Jumatatu asubuhi gari jeusi lilikuja gazetini kunichukua. Mhariri wangu alinikumbatia kama mtu anayeaga maiti, kisha akanivua saa yake aliyokuwa ameniazima.

Nilipelekwa kwa Mheshimiwa Kasembe Tindwa. Hadi Ijumaa iliyotangulia alikuwa Waziri wa Maji. Sasa alikuwa Waziri wa Mavazi na Adabu, kwa sababu maji yalikuwa yamegoma kuonekana na nguo huonekana zenyewe.

"Ndugu Kibwana," aliniambia, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, "umegundua kitu ambacho wasomi wetu wamekitafuta miaka arobaini."

"Kitu gani, Mheshimiwa?"

"Namna ya kumjua mtu bila kumuuliza."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshafungua kabati, akatoa suti ya buluu iliyokolea, sufu laini, bitana ya hariri, vifungo vya pembe. Akanivika koti kwa mkono wake. Bega lililala kama limezaliwa nami. Nikafunga mdomo, kisha nikafunga vifungo.

Wiki ile ile Sheria ya Kola ilipitishwa na Bunge, wabunge wote wakiunga mkono, na watatu waliokuwa hospitalini wakiunga mkono kutokea huko. Kila mwanamume angekaguliwa na kupewa kadi ya daraja moja kati ya yale manne ya ukurasa wangu. Wanawake wangehesabiwa kwa nguo za waume zao, na asiye na mume aliombwa awe na subira. Mihuri yote ya nchi, ya shamba, ya shule, ya hospitali, ya kuzikia, ilikusanywa Ukumbi wa Madirisha pale mjini, na mimi nikawa Mkaguzi Mkuu.

Dirisha la kwanza lilikuwa la Fahari. Lilikuwa na makochi na chai ya iliki, na lilifunguliwa kila siku, hata sikukuu. La pili, la Ofisini, lilikuwa na mabenchi na mapumziko marefu ya chakula cha mchana. La tatu, la Mtaani, halikuwa na mabenchi. Wataalamu walibaini kwamba vijana wanapenda kuegemea ukuta, kwa hiyo serikali iliwajengea ukuta. Dirisha la nne, la Kushindia, lilifunguliwa siku ya Alhamisi, kuanzia saa nne hadi wino wa muhuri ukauke.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa Tindwa alihutubia.

"Ndugu wananchi! Taifa ni kama suruali. Juu pana mkanda, chini pana pindo. Pindo ni muhimu! Nani amesema pindo si muhimu? Lakini je, pindo likitaka kukaa kiunoni, tutatembeaje?"

Watu walipiga makofi kwa zamu. Wale wa dirisha la nne walipiga siku ya Alhamisi.

*

Msidhani kazi ilikuwa nyepesi. Sheria ikishaandikwa, watu hujitokeza na miili yao kuivuruga.

Alikuja mzee muuza kahawa, suruali yake ya jinzi imechanika magoti yote mawili. Kwa mujibu wa mwongozo, jinzi iliyochanika ni ya Mtaani. Msaidizi wangu mmoja akasema hapana, mpasuko huu si wa mtindo, ni wa dhiki. Tuliunda kamati. Kamati ilikaa siku tatu na kuamua kwamba mpasuko wa makusudi ni wa daraja la tatu na mpasuko wa dhiki ni wa daraja la nne, na kwamba mwombaji alete barua ya fundi kuthibitisha nia ya mpasuko. Mzee alisema aliyemchania ni msumari wa benchi. Tukamwuliza kama msumari ulikuwa na nia.

Wakaja wanaume kumi na mmoja wa kijiji kimoja wakiwa na koti moja. Walikaguliwa kwa kupokezana nyuma ya mti, na wa mwisho alilivaa limelowa jasho la kumi waliomtangulia. Niliwapitisha wote daraja la pili. Nawataja hao kumi na mmoja kila ninapotafuta cha kujitetea. Wengine siwezi kuwataja hivyo.

Siwezi, kwa mfano, kumtaja hivyo shemeji yangu Lukindo.

Lukindo ni mume wa dada yangu Siwema. Anafundisha hesabu shule ya msingi ya mtaani kwetu, na ni mtu wa aina ile ambayo ukimwuliza habari za asubuhi hufikiri kwanza ili asikudanganye. Siku ya ukaguzi alitoka darasani moja kwa moja, shati la mikono mifupi lina vumbi la chaki begani, miguuni kandambili. Nilimkagua mimi mwenyewe. Niliandika: "Vumbi la chaki si pambo," nikampa daraja la nne.

Aliitazama kadi yake akacheka.

"Si neno, shemeji. Huku tuko wengi, hatutakosa mazungumzo."

Dada yangu hakucheka. Aliniuliza kwa nini nisimwekee hata daraja la pili, mwalimu mzima. Nilimweleza kwamba Mkaguzi Mkuu akianza kupendelea ndugu, nchi itaharibika. Nilisema hivyo nikiwa nimevaa suti niliyopewa na waziri.

*

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa tano wa Sheria. Mheshimiwa Tindwa alikuja ukumbini na wapiga picha wa televisheni ya taifa, wananchi waone ufanisi. Nilisimama mlangoni, ubavuni mwake, futi ya kupimia kola mkononi. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Dirisha la kwanza palikuwa na bwana mmoja aliyekuja kugongewa muhuri wa leseni ya mbwa.

Lukindo aliingia akikimbia. Kandambili moja ilikuwa imekatika, anaiburuza. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Shemeji!" alisema, akihema. "Nashukuru nimekukuta. Tunu ana homa tangu jana. Shingo imekakamaa, anapiga kelele akiona mwanga. Zahanati wamemchoma sindano lakini wanasema hapana, apelekwe Hospitali Kuu leo hii. Barua yao hii hapa. Inataka muhuri tu."

Tunu ni binti yao. Alikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyemchagulia jina, baada ya dada yangu kungoja mtoto miaka saba.

Mheshimiwa Tindwa alimtazama Lukindo kutoka miguuni kwenda juu, maana ndivyo tulivyofundishana kutazama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mwananchi wa dirisha la nne, Mheshimiwa," nilisema.

"Nimesikia amekuita shemeji."

Kamera ilikuwa imegeuka. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Nilihisi kola yangu imenibana.

"Mheshimiwa," nilisema, "hapa hakuna shemeji. Hapa kuna kola."

Mheshimiwa alicheka kwa furaha ya kweli, akanipiga begani. Bwana wa leseni ya mbwa naye akacheka, kwa heshima. Lukindo hakuelewa upesi. Nilimwona akilirudia neno lile kichwani kama hesabu iliyotoa jibu lisilowezekana. Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Basi nipe hilo koti lako, Mwinshehe. Dakika tano tu. Nilivae, nigongewe, nikurudishie."

Hakuwahi kuniita kwa jina tangu amuoe dada yangu.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kifungo. Nataka mjue hivyo. Kifungo cha juu nilikifungua. Kisha nikamwona Mheshimiwa ameacha kucheka na ananiangalia mkono, si kwa hasira, kwa udadisi tu, kama mtu anayetazama tone la maji litateremkia upande gani wa kioo.

Nikakifunga.

"Alhamisi, saa nne," nilimwambia Lukindo. "Uwahi, foleni huwa ndefu."

Askari walimtoa taratibu, kwa kuwa kulikuwa na kamera. Aliikunja ile barua vizuri kabla hajatoka, akaitia mfukoni, kana kwamba kitu cha maana wakati ule ni isikunjamane.

Ofisi zilipofungwa saa tisa alasiri, funguo za kabati la mihuri zilikuwa mfukoni mwangu. Ukumbi ulikuwa mtupu. Ningeweza kuchukua muhuri, nikatembea dakika ishirini hadi nyumbani kwa dada yangu. Lakini Mheshimiwa alikuwa amenialika kwake kwa chai, kuupongeza ule msemo wangu, na chai ya waziri haingoji.

*

Sindano za zahanati zilimshikilia roho mtoto. Alhamisi Lukindo alikuwa wa thelathini na saba kwenye foleni. Wino ulikauka kwa mtu wa arobaini, kwa hiyo serikali haikuwa na lawama. Muhuri uligongwa. Tunu alilazwa Hospitali Kuu wiki tatu. Daktari alisema homa ya uti wa mgongo ina tabia zake, na kwamba kama angefika mapema, basi, pengine. Aliliacha lile "pengine" mezani akaondoka. Mtoto alirudi nyumbani anatembea, anakula, anakumbuka majina ya watu wote. Ila hasikii. Si sikio moja. Yote mawili, na si kidogo.

Mwezi uliofuata Sheria ya Kola ilifutwa. Msinielewe vibaya, haikufutwa kwa ajili ya Tunu.

Ilifutwa kwa sababu rais wa nchi jirani, tajiri kuliko sisi wote tukikusanywa, alikuja kututembelea. Mtu yule ana mazoea ya kuvaa fulana na raba na kutembea kwa miguu. Aliukwepa msafara, akaingia Ukumbi wa Madirisha kuuliza njia ya Ikulu. Vijana wangu walimkagua, wakampa kadi ya daraja la nne, wakamwambia maswali ya njia hujibiwa Alhamisi. Alinunua hindi la kuchoma, akakaa kwenye ngazi kungoja. Mlezi wa Taifa alikuwa uwanja wa ndege na bendi tatu na watoto wa shule mia nne, wote juani.

Jioni ile ile redio ilitangaza kwamba Sheria imefanikiwa kupita matarajio, na kwa sababu hiyo haihitajiki tena. Futi zetu zilikusanywa. Makochi ya dirisha la kwanza yalikwenda kwa wenye kuyahitaji, yaani nyumbani kwa Mheshimiwa Tindwa.

Iliundwa tume ya kuchunguza mafanikio yaliyopatikana. Tume iliniita, ikanipa maji ya chupa, ikaniuliza kwa upole kuhusu malalamiko ya mwalimu mmoja aliyedai kwamba alimweleza Mkaguzi Mkuu habari za mtoto mgonjwa. Je, Mkaguzi Mkuu aliyasikia maneno hayo?

"Ukumbi ulikuwa na kelele," nilisema.

Waliandika. Wiki mbili baadaye nilipewa nishani ya Utumishi Nadhifu, daraja la kwanza.

*

Nilidhani hatia ni kitu ambacho serikali hukipa mtu, kama kadi. Nilingoja nipewe. Hakuna aliyenipa. Basi nikaamua kuipeleka mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mheshimiwa Tindwa, ambaye alikuwa amerudi kwenye maji. Nilimwambia nataka kukiri kosa.

"Kosa gani?"

"La ile Sheria, Mheshimiwa."

"Sheria haipo, Kibwana. Kosa la sheria isiyokuwepo litakuwaje lipo?"

"Lakini mtoto yupo, Mheshimiwa."

Alinitazama kama mtu aliyeona doa kwenye shati la mwenzake na hajui amwambie au anyamaze.

"Nenda ukapumzike," alisema. "Umefanya kazi sana."

Polisi waliniambia ukumbi wa kukiri makosa ya watu wakubwa bado unajengwa. Padre alinisikiliza, akaniambia niliyemkosea ni mtu mwenye nyumba na mlango, na njia ya kwenda kwake naijua. Nilichukia kwamba aliyasema haya haraka hivyo.

Jumapili niliamka mapema, nikafungua kabati. Naona aibu kuwaambia kwamba nilikaa mbele yake hadi saa sita. Suti ya buluu ingekuwa tusi. Shati jeupe na tai vingewafanya wadhani tume nyingine imekuja. Za mtaani zingekuwa mzaha. Nikaishika fulana yangu ya kushindia nikaona ningekuwa naigiza umaskini wa watu niliowapa umaskini huo kwa kalamu. Miaka kumi na miwili nimewashauri wanaume wa nchi hii wavae nini harusini, msibani, kazini, na sikuwahi kumwambia hata mmoja huvaliwa nini siku ya kwenda kuomba radhi. Mwisho nilivaa mavazi niliyoyakuta kitini, nikatoka, na leo siwezi kukumbuka yalikuwa nini.

Siwema alifungua mlango. Hakusema karibu wala hakusema ondoka. Aliuacha mlango wazi akarudi jikoni, nikasikia sufuria zikipangwa ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Lukindo alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Alisimama, akanivutia kiti, kama anavyomvutia kiti mkaguzi wa shule.

"Shemeji," nilianza, na neno lenyewe likanikwama. "Mwalimu. Nimekuja kuomba..."

Aliinua kalamu yake nyekundu.

"Mimi usiniombe," alisema bila ukali. "Mimi ni mtu mzima, nilijua nchi ninayoishi. Nilikuja kwako kwa sababu nilidhani kuna sehemu yake moja naifahamu. Nilikosea hesabu. Mwenye kuombwa yuko uani."

"Atanielewa?"

"Hilo litategemea utakachosema."

Tunu alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Hakugeuka niliposogea, hadi kivuli changu kilipouangukia ungo. Akainua uso, akatabasamu.

"Shikamoo, mjomba!" alisema, kwa sauti kubwa mno, maana hana tena cha kuipimia.

"Marahaba, mama."

Nilipiga magoti mbele yake. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaandaa njia nzima, na ninyi mnajua mimi ni mtu wa maneno. Yalikuwa na utangulizi, yalikuwa na shinikizo la wakati ule, yalikuwa na kamera na waziri na wale wanaume kumi na mmoja wa koti moja. Niliyasema yote kwa haraka, macho yangu chini kwenye mchele, kama aongeavyo mtu mwenye makosa.

Kidole kidogo chenye vumbi la pumba kilinigusa kidevu, kikaniinua uso.

"Mjomba, ukiangalia chini siwezi kukusoma," alisema Tunu. "Mwalimu wangu mpya ananifundisha midomo. Sema taratibu. Na usiseme mengi, mengi yananipotea."

Siwema alikuwa ameshatoka jikoni, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Lukindo naye alikuwa nyuma yake.

Nikatafuta katika yale niliyoyaandaa neno moja lisilopotea. Nililipata mwishoni kabisa, chini ya mengine yote, nikalitoa taratibu.

"Siku ile," nikasema, "baba yako aliniambia unaumwa. Nilimsikia."

Midomo yake ilijongea kidogo pamoja na yangu, ikijifunza umbo la kila neno. Alipofika mwisho akakunja uso kama mtoto aliyelikuta swali gumu katikati ya mtihani mwepesi.

"Kwa nini sasa hukumpa muhuri?" aliuliza, kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani.

Kisha akauweka ungo chini, akanisogelea, akaukazia macho mdomo wangu, akingoja usogee.